Plastiki Katika Tanuru la Tumbaku

Wilayani Urambo tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani. Moto hukokwa tanuruni, na joto hupita katika mabomba ili moshi usiguse majani. Mwishoni joto la bani hufikia nyuzi 70 hivi za sentigredi. Polithini huyeyuka kwa nyuzi 110 hadi 130, lakini tanuruni joto huzidi sana kiasi hicho. Je, plastiki ikitumiwa kukokea kuni, hutokea nini?

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Joto kali huikata vipande vidogo, navyo huruka vikiwa mvuke. Polithini ina kaboni na hidrojeni. Ikikosa oksijeni ya kutosha hutoa masizi na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. PVC, inayofunika nyaya za umeme, ina klorini pia. Hutoa hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu huwa asidi.

Basi mabomba hulinda majani. Hayamlindi mchochea moto. Afadhali nyasi kavu.

Zoezi: Kwa nini kukosekana kwa harufu si uthibitisho wa usalama?