SOMO: DAFTARI LA KOMPYUTA LIPIMWE KABLA YA KUAMINIWA

Kila katibu wa chama cha msingi anafahamu kwamba mizani haifai kununulia mazao mpaka ikaguliwe na kupigwa muhuri. Daftari la kompyuta nalo ni mizani, kwani hupima haki ya mwanachama. Somo hili laeleza jinsi sehemu ya programu itunzayo daftari hilo inavyojengwa na kujaribiwa, ili katibu na halmashauri wajue la kumdai fundi kabla ya kuipokea kazi yake.

1. Kiunzi na moduli

Mafundi wa programu za tovuti hawaanzi kila kitu upya. Hutumia kiunzi kilichokwisha tengenezwa, wakaongeza juu yake sehemu ziitwazo moduli. Kiunzi kimoja kinachotumika sana ni Django, kilichoanzia katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2005. Moduli ya hifadhidata ndiyo huamua habari zipi ziandikwe na zipi zikataliwe.

2. Masharti ya daftari

Tuchukue moduli ya kupokea kahawa. Masharti yafuatayo yawekwe ndani ya hifadhidata yenyewe, wala si katika fomu ya kujazia peke yake, kwa kuwa habari zaweza kuingia kwa njia nyingine:

(a) Namba ya stakabadhi isirudiwe katika msimu mmoja.
(b) Uzito uwe zaidi ya sifuri.
(c) Mwanachama mwenye mapokezi asifutike daftarini.
(d) Fedha zitunzwe kwa hesabu ya desimali. Kompyuta hutumia tarakimu 0 na 1 tu, na kwa hesabu yake ya kawaida ya sehemu, 0.1 ikijumlishwa na 0.2 haitoi 0.3 kamili. Kosa ni dogo, lakini hukua katika malipo mengi.

3. Muamala usiogawanyika

Tuseme mwanachama ameleta kilo 62.5 kwa bei ya shilingi 3,200. Anastahili shilingi 200,000. Anadaiwa pembejeo shilingi 50,000, hivyo atapokea shilingi 150,000. Hapo pana maandishi mawili: la kupunguza deni na la kulipa. Umeme ukikatika katikati, deni laweza kuonekana limelipwa ilhali malipo hayakuandikwa, na mkaguzi wa hesabu asijue lipi ni kweli. Kwa hiyo maandishi yote mawili yafungwe katika muamala mmoja: ama yaingie yote, ama lisiingie hata moja.

4. Majaribio

Django hujenga hifadhidata ya pembeni kwa ajili ya majaribio, kisha huifuta kazi ikiisha. Daftari halisi haliguswi. Lakini kiunzi hakijui desturi za chama. Majaribio huandikwa na fundi, na katibu ndiye ajuaye makosa yanayotokea kwenye ghala.

Kuingiza habari sahihi na kuona zimekubaliwa hakutoshi. Jaribio lenye maana huingiza kosa na kudai likataliwe: stakabadhi iliyorudiwa, uzito wa sifuri, jaribio la kumfuta mwanachama mwenye mapokezi. Kisha fundi asababishe hitilafu kwa makusudi kati ya kupunguza deni na kulipa, na ahakikishe kwamba deni limebaki shilingi 50,000 na hakuna malipo yaliyoandikwa.

Majaribio hayo yafanywe kwa aina ile ile ya hifadhidata itakayotumiwa na chama. Moduli iliyojaribiwa kwa SQLite na kuendeshwa kwa PostgreSQL haijapimwa sawasawa, kwani hifadhidata hizo hutofautiana katika ukali wa kukagua habari. Aidha, majaribio yote yarudiwe kila programu inapobadilishwa, hata kama badiliko ni dogo.

5. Wajibu wetu

Katibu asitie sahihi ya kupokea moduli kabla ya kuyaona majaribio yakiendeshwa mbele ya halmashauri. Mkulima hawezi kuona ndani ya kompyuta. Anaona kiasi alichotiwa mkononi tu. Imani yake kwa chama inategemea kazi hii.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Taja makosa matatu yaliyowahi kutokea katika stakabadhi za chama chenu. Je, daftari la kompyuta lingeyakataa?
2. Kwa nini masharti ya fomu peke yake hayatoshi?
3. Ni nani katika chama chenu atakayeshuhudia majaribio?