Kuasi, Kuhalifu, Kujahiri: Maneno Tunayoyachanganya

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo hili naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili, Ramadhani ilikuja na mitihani, nikaacha kufunga siku kadhaa bila udhuru wowote. Siku za mwanzo nilikula chumbani, mlango nimeufunga. Siku ya nne niliingia mgahawa wa chuo saa saba mchana, nikaagiza wali na maharage, nikakaa meza ya mbele. Rafiki yangu mmoja aliponishangaa, nikamjibu kwa sauti: "Bora mimi, sina unafiki." Meza nzima ikacheka, nami nikajiona shujaa wa ukweli.

Kesho yake nikamkuta meza ileile kijana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mtaa wetu wa Buyenzi, ambaye mama yake aliniomba nimwangalie hapa chuoni. Nilipomuuliza, akanitazama kwa mshangao. "Kaka, si wewe uliyesema jana kwamba kujificha ni unafiki?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa darsa. Hakunigombeza. Aliniambia, "Umechanganya maneno. Nenda kayasome moja moja, kisha urudi." Nitakayoyaeleza hapa ndiyo niliyorudi nayo.

Neno la kwanza: kuasi

Kwetu huku Maziwa Makuu, ukitaja waasi mtu anafikiria bunduki na msitu. Lakini asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ni kutotii amri. Katika Surat Ta-Ha, aya ya 121, neno hili limetumika kwa baba yetu Adam, amani iwe juu yake, alipokula mti aliokatazwa. Aya inayofuata inataja kuteuliwa kwake na kukubaliwa toba yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuasi na njia ya kurudi ikabaki wazi.

Neno la pili: kuhalifu

Leo mhalifu ni mtu anayetafutwa na polisi. Zamani wazee wetu walisema "kuhalifu amri", yaani kwenda kinyume nayo: umeambiwa huku, wewe unakwenda kule. Surat An-Nur, aya ya 63, inawaonya wanaokwenda kinyume na amri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, wasije wakapatwa na fitina au adhabu kali. Neno la aya hiyo ni la mzizi uleule.

Neno la tatu: ufasiki

Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wanaeleza kwamba Waarabu walitumia mzizi huu kwa tende mbivu inapotoka katika ganda lake. Fasiki ametoka nje ya kilichokuwa kikimhifadhi. Surat Al-Kahf, aya ya 50, inalitumia kwa Iblis alipotoka katika amri ya Mola wake.

Hapa nilisimama muda mrefu. Adam alivunja amri na Iblis alivunja amri. Kwa nini mmoja alirudi na mwingine akapotea? Surat Al-A'raf inatuonyesha. Adam na mkewe tupu zao zilipofunuka, walianza kujifunika kwa majani, kisha wakakiri kwamba wamejidhulumu. Iblis alipoulizwa, alileta hoja: mimi ni bora kuliko yeye. Adam alijisitiri na kuomba msamaha. Iblis alijitetea. Nikikaa pale mgahawani na kusema "bora mimi", maneno yangu yalifanana na ya nani?

Neno la nne: kujahiri

Hili kila anayeswali jamaa analijua. Alfajiri, Magharibi na Isha imamu husoma kwa jahari, yaani kwa sauti ya kusikika. Mzizi huohuo uko katika hadithi ya Abu Hurairah, radhi za Allah ziwe juu yake, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, anatufahamisha kwamba umma wake wote unatarajiwa kusamehewa isipokuwa wanaojahiri. Kisha anatoa mfano wa mtu aliyefanya jambo usiku, Allah akamsitiri, naye asubuhi akamwita mwenzake na kumsimulia. Alilala chini ya sitara ya Mola wake, akaamka akaivua kwa mkono wake.

Huenda msomaji akaniuliza: je, wewe leo hujahiri kwa kuandika haya? Nililifikiria hilo. Niliyoyataja yalikwisha kuonwa na mgahawa mzima, na nayataja ili kuyakanusha. Mengine aliyonisitiri Allah nayaacha yalipo, nawe yaache yako.

Je, kujificha ni unafiki?

Hapana. Mnafiki huonyesha imani asiyokuwa nayo ili awahadae watu. Anayefunga mlango kwa sababu anaona aibu bado ana kitu ndani kinachomsuta. Kitu hicho ni haya, na Mtume ametufundisha kwamba haya ni tawi la imani. Warundi huiita "isoni", na sisi tunasema "soni". Ni neno moja katika nyumba mbili. Dhambi ya chumbani ni dhambi na inahitaji toba. Lakini nilipoipeleka mgahawani niliongeza ya pili: nilimfungulia mlango kijana aliyekuwa akinitazama.

Je, kila anayevunja desturi waziwazi ni mwovu?

Hapa tuwe waangalifu, maana maneno haya hutumiwa pia kuwanyamazisha watu. Nabii Ibrahim alivunja masanamu ya watu wake na akasimama mbele yao kujibu. Desturi yao ilikuwa ya mababu, lakini ilikuwa batili. Na Musa alipotumwa kwa Firauni, Qur'ani ilisema nani amechupa mipaka: ni Firauni mwenye ufalme, wala si watumwa waliotaka kuondoka. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Basi kabla ya kumwita mwenzako muasi, uliza kwanza: amevunja mpaka wa Allah, au mazoea yetu tu?

Upande wa pili wa jahara

Wapo pia wanaojahiri dhambi za wengine. Dada amepigwa picha akiwa chumbani kwake bila mtandio, picha ikazungushwa katika makundi ya simu "kwa ajili ya nasaha". Hiyo si nasaha. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupeleleza na kusengenya. Anayemdhulumu au kumdhuru mtu hasitiriwi kwa hoja hii. Aliyedhulumiwa ana haki ya kusema na kusaidiwa. Lakini aliyeteleza peke yake, mwendee peke yake.

Mwisho wa kisa

Niliporudi kwa mwalimu, alinisomea Surat Al-Baqarah, aya ya 160, inayowataja waliotubu, wakatengeneza, wakabainisha. Aya hiyo imekuja kwa walioficha elimu, lakini alitaka nione kwamba kosa la wazi lina marekebisho ya wazi. Nikamtafuta yule kijana, nikamwambia mbele ya wale waliocheka: "Nilikosea. Usinifuate katika lile." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa siku zetu tutazilipa lini?" Tulizilipa Shawwal, tukifuturu pamoja bwenini kwa chai na maandazi.

Wazee wanasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Iddi. Mimi Iddi ile sikuifaidi, nilikuwa na deni.

Maswali ya halaka

1. Ni kosa gani kati yetu tumelizoea hadi tunalisema kwa kicheko?
2. Ni desturi gani tunailinda kama sheria ya Allah, ilhali si sheria?
3. Nani anakutazama wewe bila wewe kujua?

Allah atusitiri duniani na Akhera, na atujaalie toba ya kweli. Amin.