Povu la Kunyolea kwa Maji Baridi

Huenda wengine wenu mtacheka mkiona kichwa cha makala haya. Mtasema, huyu wa kidato cha tatu ana ndevu ngapi hata atufundishe kunyoa? Kweli, zangu zahesabika. Lakini kidevu ninachonyoa kila Jumamosi si changu. Ni cha babu yangu, na huyo anazo.

Babu alikuwa mvuvi hapa Luanda Kotieno kwa miaka mingi. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukabaki kutetemeka. Akaacha kujinyoa. Kisha akaacha kwenda gatini kuketi na wazee wenzake wakingojea feri ya kutoka Mbita, maana hakutaka waione sura yake imekuwa msitu. Hakusema hivyo, lakini sisi tulijua. Basi nikajitolea.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Babu alitakiwa avuke kwenda Mbita kwa mambo ya mahari ya binti wa ndugu yake. Mvua ilikuwa imelowesha kuni usiku kucha, makaa hatukuwa nayo, na pale nyumbani kila mtu aliamini kwamba bila maji moto hakuna povu. Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikampaka kwa kiganja, nikamnyoa hivyo hivyo. Nilimkata mara tatu. Alipanda feri na vipande vya gazeti vimeganda kidevuni, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu hapo nimewauliza wengi: kinyozi mmoja, mwalimu wetu wa Kemia, hata babu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza maji. Mara nyingi kinachoua povu si baridi, ni ugumu wa maji. Maji magumu yana chumvi za kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana nazo hugeuka utando mweupe unaoelea, na povu halitoki vizuri mpaka chumvi hizo ziishe. Nilichukua chupa mbili. Moja nikaitia maji ya kisima kimoja cha jirani, ya pili maji ya ziwa, kila moja na kijipande sawa cha sabuni, nikatikisa. Ya ziwa ilijaa povu hadi shingoni. Ya kisima ilitoa chengachenga kama maziwa yaliyoharibika. Kumbe Ziwa Victoria lina maji laini, sawa na ya mvua! Sisi wa ufuoni tuna bahati wala hatuijui.

Ila bahati hiyo ina mdudu ndani yake, na hapa sisemi kwa mafumbo. Nasema kichocho. Vijidudu vyake vichanga hutoka kwa konokono wa majini, huogelea na kupenya ngozi nzima ya mtu, sembuse ile iliyokwanguliwa na wembe. Kwa hiyo usinyolee ufuoni na miguu yako ndani ya maji, kama nilivyoona wengine wakifanya. Teka maji, hakikisha hakuna konokono aliyeingia, funika mtungi, yaache siku mbili kamili bila kuongeza mengine. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa katika muda huo. (Hayo ni ya kunyolea. Ya kunywa yachemshe au uyatie dawa.) Na kwa kuwa maji yaliyokaa mtungini siku mbili huwa baridi sana, ndipo ufundi unapohitajika.

Sabuni nayo ina siri. Ile ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na sodiamu hidroksaidi, ndiyo maana ni ngumu na huyeyuka polepole kwenye baridi. Sabuni za kunyolea nyingi hutiwa potasiamu hidroksaidi pia. Hizo huwa laini na huyeyuka upesi zaidi. Mjomba alininunulia kijiti kimoja cha sabuni hiyo pamoja na brashi katika soko la Kibuye, Kisumu. Mpaka leo hakijaisha.

Sasa kazi yenyewe. Loweka brashi ndani ya maji dakika 5, na wakati huo tia matone machache juu ya sabuni ili uso wake ulainike. Muoshe mtu uso, usimpanguse. Kung'uta brashi mpaka iache kuchuruzika, halafu izungushe juu ya sabuni. Hapa ndipo wengi hukosea, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa maji moto ungehesabu hadi 20 ukaacha. Kwa maji baridi hesabu hadi 50 au 60, kwa sababu sabuni inatoka shingo upande. Ukiona brashi imebeba uji mzito unaonata, hamia kwenye bakuli au usoni moja kwa moja, uzungushe huku ukiongeza maji tone kwa tone. Ukimwaga kijiko kizima umeharibu, utapata mapovu makubwa ya kufulia ambayo hupasuka kabla hujashika wembe. Povu zuri halionyeshi matundu. Linang'aa kama mtindi, na ukilisugua kati ya vidole viwili vinateleza.

Likishaenea, ngoja dakika 3. Unywele hunywa maji ukavimba na kulainika, lakini maji baridi huchukua muda zaidi kuuingia. Kazi ya povu ni kuyashikilia maji hapo yasikauke, na kuutelezesha wembe. Likianza kukauka, pitisha brashi yenye maji kidogo.

Wembe uwe mpya, na wa mtu mmoja tu. Damu isiyoonekana inaweza kubeba Ukimwi au homa ya ini. Fuata nywele zinakoelekea, usizikwangue hadi chini kabisa, kwani nywele zetu zilizojikunja zikikatwa mno hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele.

Jumamosi iliyopita nilimaliza bila tone la damu. Babu akapapasa shavu la kushoto, kisha la kulia, kisha akaniwekea kidole chini ya sikio.

"Hapa umeruka, nyakwara."

Nikachovya brashi tena. Honi ya feri ilikuwa imeshalia, naye alikuwa akiitafuta fimbo yake kwa mguu, chini ya kiti.