Fahamu Jinsi Kinyesi Kinavyobainishwa katika Majitaka Yaliyosafishwa

Maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka yanaweza kuwa maangavu, bila harufu, na bado yakabeba viini vya kipindupindu au homa ya matumbo. Kwa mkulima anayenyunyizia sukuma wiki maji hayo, na kwa familia itakayoila, macho pekee hayatoshi. Jibu hutoka maabara.

Hutafutwa nini?
Viini vya magonjwa vinavyotoka kwenye kinyesi ni vingi, na kupima kimoja kimoja ni ghali. Kwa hivyo wataalamu hutafuta bakteria waishio kwa wingi matumboni mwa binadamu na wanyama, hasa E. koli. Aina nyingi za bakteria hawa hazina madhara. Hapa wao ni mashahidi: wakipatikana, kinyesi kimeingia majini, na huenda viini vya magonjwa vimo pia.

Hupimwaje?
Sampuli huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa. Maji yakiwa yametiwa klorini, chupa huwekwa dawa ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na matokeo yatadanganya. Chupa husafirishwa ikiwa kwenye barafu. Katika maabara, maji huchujwa kwa utando unaonasa bakteria. Utando huo huwekwa juu ya chakula cha bakteria, katika joto la nyuzi 44.5, kwa takriban saa 24. Bakteria walio hai huzaana na kuwa madoa yanayoonekana, nayo huhesabiwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 ulipendekeza kuwa maji ya kunyunyizia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100.

Je, E. koli wakikosekana, maji ni salama?
Si lazima. Mayai ya minyoo na baadhi ya virusi hustahimili klorini kuliko E. koli. Ndiyo maana mwongozo huo uliweka pia kikomo cha mayai ya minyoo: yasizidi moja kwa lita.

Mkazi afanye nini?
• Usizibe wala kutoboa bomba la majitaka ili kunyunyizia shamba. Maji hayo hayajasafishwa wala kupimwa.
• Ukitumia maji yaliyosafishwa, vaa gambuti na glavu, na unawe kwa sabuni.
• Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka na uzipike hadi ziive.
• Ukiona majitaka yakifurika, ripoti kwa afisa wa afya ya umma aliye karibu nawe.