Baleghe ya Binti na Sumu za Shambani

 

Ndugu wanafunzi na wazazi, baleghe huletwa na homoni, yaani vichocheo vinavyotengenezwa mwilini na kuchukuliwa na damu. Kwa wasichana walio wengi matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, na hedhi hufuata baadaye. Zipo kemikali ambazo zikiingia mwilini huiga homoni hizo au huzizuia, baleghe ikawahi au ikachelewa.

Mwaka 1973 huko Michigan, Marekani, kemikali ya kuzuia moto iitwayo PBB ilichanganywa kwa makosa katika chakula cha ng'ombe, na watu wakala nyama na maziwa yao. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mabinti walioipata kwa wingi tumboni na kwa kunyonya walivunja ungo mapema kuliko wenzao. Na huko Kasaragod, India, penye mikorosho kama hapa Matambarale, sumu ya endosulfani ilinyunyizwa kwa helikopta hadi mwaka 2000. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta wavulana wa huko wamechelewa kubaleghe.

Si kila binti anayewahi amedhurika, kwani urithi na unene pia huchangia. Lakini dini yetu imekataza kujidhuru na kudhuriana, hivyo tujikinge:

1. Dumu au chupa ya dawa ya mikorosho isitiwe maji wala mafuta ya kula, hata ikioshwa.
2. Watoto na waja wazito wakae mbali wakati wa kupuliza. Aliyepuliza aoge, na nguo zake zifuliwe peke yake.
3. Mama asiache kunyonyesha, kwani faida yake ni kubwa zaidi.
4. Binti aliyeota matiti kabla ya miaka 8, au aliyefika miaka 15 bila hedhi, apelekwe hospitali.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, hedhi haiji kabla ya takriban miaka 9 ya Hijria. Damu ya kabla ya hapo ni ya maradhi. Akiipata baada ya umri huo, hata kama yuko darasa la nne, sala na saumu zimemlazimu. Basi mama na bibi wasingoje. Wamfundishe mapema twahara, josho la hedhi na kulipa saumu zilizompita. Tena tufahamu kuwa baleghe humlazimisha ibada, lakini haiufanyi mwili wake mdogo kuwa tayari kwa uzazi. Bado ni mtoto wa kulelewa na kusomeshwa.