Jua Haki Zako: Kununua Bastola Kuukuu Ukiwa Rågsved

Tuseme unaishi Rågsved, mtaa wa Stockholm, una kazi ya halali, huna kesi wala deni na polisi, na unapenda silaha za zamani kama wengine wanavyopenda saa au stempu. Umesikia kuna mzee anapunguza mkusanyo wake na anauza bastola ya Husqvarna m/07, ile iliyobebwa na maofisa wa jeshi la Sweden kwa miongo kadhaa. Bei inavutia, mzee anaaminika, pesa ipo. Je, sheria inakuruhusu?

Inaweza kukuruhusu, kwa sharti la mpangilio ambao haupinduliwi hata kwa siku moja: kibali cha polisi hutangulia, bastola hufuata. Ukiichukua leo kwa ahadi kwamba kesho utapeleka maombi, tayari umetenda kosa la jinai, na huyo mzee ametenda pamoja nawe.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Silaha ya mwaka 1996, ambayo hapa huitwa vapenlagen. Msimamo wake ni kwamba silaha haimilikiwi kwa haki ya kuzaliwa, humilikiwa kwa idhini. Anayeitaka anaomba kwa mamlaka ya polisi, Polismyndigheten, anaonyesha haja yake, na polisi wanapima kama ni mtu wa kuaminiwa, pamoja na kuangalia kumbukumbu zake za makosa. Kila silaha ina kibali chake. Mwenye bastola 5 ana vibali 5. Uraia wa Sweden si sharti la kuomba, kwa hiyo usikubali kuambiwa na jirani kwamba "wageni hawapewi". Lakini pia usidhani leseni uliyokuwa nayo Nairobi au Mwanza inakufaa hapa. Haina nguvu yoyote, na kuingiza silaha nchini bila idhini ni kosa jingine kabisa, la magendo.

Kwa bastola kizingiti ni kirefu kuliko kwa bunduki ya kuwindia. Sheria inadai sababu nzito kupita kiasi cha kawaida, na kusema tu kwamba unaipenda hakutoshi. Njia mbili ndizo zinazomhusu mpenzi wa silaha: kulenga shabaha na kukusanya.

Ya shabaha hupitia klabuni. Unajiunga, unahudhuria, unafundishwa, unapiga ukiwa chini ya usimamizi wa mwenye silaha, na ukishaonyesha ustadi, klabu inakuandikia cheti cha kuambatisha kwenye maombi. Walengaji wa bastola hupimwa kwa alama maalumu iitwayo guldmärke. Hata baada ya kupewa, mambo hayaishi hapo: kila miaka 5 unatakiwa kuthibitisha kwamba bado unafanya mchezo huo. Aliyeacha kwenda uwanjani asishangae akiulizwa bastola anaiweka ya nini.

Njia ya ukusanyaji ina masharti yake, na hapa ndipo wengi hukwama. Polisi hawampi mtu kibali cha kukusanya "bastola za zamani" kwa ujumla. Wanataka mada yenye mipaka: bastola za jeshi la Sweden za kipindi fulani, au kazi za kiwanda kimoja, au maendeleo ya aina moja ya silaha. Wanataka pia kuona una elimu ya jambo hilo. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuandika maombi, andika kurasa mbili au tatu zako mwenyewe. Mathalani, eleza kwamba m/07 ni muundo wa Browning wa mwaka 1903, kwamba Sweden iliuchagua mwaka 1907, na kwamba Husqvarna ilianza kuitengeneza mwaka 1917. Eleza silaha hii inaingiaje katika mada yako na nini kinafuata baada yake. Afisa anayesoma maombi yako hakujui. Kurasa hizo ndizo zitakazokutofautisha na mtu anayetafuta bastola ya kuweka mfukoni. Na kumbuka kwamba kibali cha kukusanya ni cha kukusanya. Usikichukulie kuwa ruhusa ya kwenda nayo uwanjani kila Jumamosi.

Kuna silaha ambazo hazihitaji kibali, na uvumi mwingi umejengwa juu ya jambo hili, kwa hiyo nilieleze polepole. Silaha iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1890, ambayo haikukusudiwa kutumia risasi kamili, yaani ile yenye ganda, baruti na kichwa katika kipande kimoja, iko nje ya sharti la kibali. Bastola halisi ya Colt ya muundo wa 1851, inayojazwa baruti, kidonge cha risasi na fataki kila kimoja peke yake, ni ya kundi hili. Masharti ni mawili na lazima yatimie yote. Chukua bastola ya Nagant m/1887 ya jeshi la Sweden: hata kama ile unayoitazama ilitoka kiwandani mwaka 1888, inatumia risasi kamili za milimita 7.5, kwa hiyo inahitaji kibali. Nakala mpya ya Colt ya 1851, iliyotengenezwa juzi, nayo inahitaji kibali, kwa sababu kinachotazamwa ni mwaka wa kutengenezwa na si sura.

Usidanganywe pia na maneno "imeharibika, haifyatui". Sheria inahesabu silaha mbovu kuwa silaha ikiwa ingekuwa silaha ilipokuwa nzima. Mtutu peke yake, silinda peke yake, kiunzi peke yake, vyote vina masharti. Hata bastola ya kuanzishia mbio, inayopiga baruti tupu, si kitu cha kununua kienyeji.

Sasa turudi kwa yule mzee. Kuitazama bastola mwenyewe akiwa mbele yako si kosa. Mkikubaliana, jaza fomu ya maombi ikiwa na maelezo ya silaha yenyewe, pamoja na nambari yake, na taarifa za muuzaji. Akitaka malipo ya awali, andikeni karatasi: kiasi gani, bastola ipi, na kwamba pesa inarudi yote iwapo polisi watakataa. Bila maandishi hayo utabaki unamkumbusha mtu ahadi ya mdomo. Bastola inabaki kwake mpaka kibali kitoke, na kibali kikitoka usikae nacho, kwani una miezi 6 ya kuichukua silaha.

Ukinunua kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye idhini, una ulinzi ambao kwa mzee hunao. Sheria ya manunuzi ya walaji iliyoanza Mei 2022 inakupa miaka 3 ya kulalamika juu ya kasoro, na kasoro inayojitokeza ndani ya miaka 2 ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo. Bidhaa kuukuu nayo imo, ingawa uchakavu wa umri wake hauitwi kasoro. Mkishindwa kuelewana na duka, peleka shauri ARN, bodi ya taifa ya malalamiko ya walaji. Kwa mtu binafsi inatumika sheria ya manunuzi ya mwaka 1990, ambayo inakutarajia uwe umeikagua bidhaa mwenyewe. Kwa hiyo nenda na mtu wa klabu anayejua. Avute kitelezi, atazame ndani ya mtutu, alinganishe nambari za kwenye kiunzi, kitelezi na mtutu. Zikitofautiana, thamani kwa mkusanyaji hushuka, na wewe unapata swali la kumuuliza muuzaji.

Nyumbani silaha hukaa ndani ya kabati la usalama lililothibitishwa kwa kiwango cha Sweden, SS 3492, au kilicho bora zaidi. Wengi wetu Rågsved tumepanga, na kabati jepesi linatakiwa kufungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, kwa hiyo ongea na mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Ufunguo au namba za siri ni zako peke yako. Mke, mume au kijana wako mkubwa asiye na kibali asiweze kulifungua, hata kwa nia njema.

Njiani, silaha iwe haina risasi, imefungwa vizuri, na safari iwe ya moja kwa moja. Usipitie dukani, usiiache garini. Hili nalisisitiza kwa sababu ya tunakoishi. Rågsved na Hagsätra zimekuwa kwenye orodha ya polisi ya maeneo yaliyoathiriwa na uhalifu, na tangu tarehe 25 Aprili 2024 polisi wanaweza kutangaza eneo fulani kuwa eneo la usalama, kwa muda usiozidi wiki 2 kwa mara moja, na ndani yake kumpekua mtu au gari bila kumshuku yeye binafsi. Ukisimamishwa, sema mara moja kwa sauti ya kawaida kwamba umebeba silaha yenye kibali, iko wapi, na karatasi iko wapi. Usiingize mkono ndani ya begi. Mwache afisa aitoe mwenyewe.

Haki zinazopuuzwa zaidi ni zile za wakati wa kusubiri. Sheria ya utawala ya mwaka 2017 inakulinda mbele ya polisi kama mbele ya ofisi nyingine yoyote ya serikali. Kama Kiswidi hakijakukaa sawasawa, ofisi ina wajibu wa kutumia mkalimani pale inapohitajika. Omba, usione haya. Kabla ya kukukatalia, wanapaswa kukuonyesha walichokusanya juu yako chenye uzito katika uamuzi na kukupa nafasi ya kujibu. Maombi yakipita miezi 6 bila uamuzi, una haki ya kudai kwa maandishi kwamba waamue, nao wana wiki 4 za kuamua au kukataa dai lako kwa uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa. Wachache hulitumia dai hili, na inasikitisha, maana foleni za vibali vya silaha zimewahi kulalamikiwa hadi kwa JO, mlinzi wa haki za raia wa Bunge.

Wakikukatalia, uamuzi uje kwa maandishi ukiwa na sababu. Una wiki 3 tangu siku ulipoupokea. Rufaa inaandikwa kwa mahakama ya utawala, förvaltningsrätten, lakini inapelekwa kwa polisi waliotoa uamuzi. Hakuna ada ya mahakama, wala hulazimiki kuwa na wakili. Jibu sababu zao moja baada ya nyingine: wakisema mada ya mkusanyo ni pana mno, ipunguze na ueleze, wakisema huna elimu ya kutosha, ambatisha ushahidi. Kulalamika kwamba umeonewa, bila kugusa sababu hizo, hakusaidii.

Masharti yenyewe hayajatulia. Baada ya mauaji ya Örebro ya tarehe 4 Februari 2025, ambapo muuaji alitumia silaha alizokuwa na vibali vyake, serikali ilitangaza kukaza sheria. Kwa hiyo fuata masharti ya siku unayoomba, kama polisi wanavyoyaeleza, na si aliyofuata rafiki yako miaka 3 iliyopita.

Nimalizie na yule kijana anayekuambia ana bastola "ya bei poa, haina maneno". Bastola isiyo na karatasi ina historia usiyoijua. Maabara ya taifa ya uchunguzi, NFC, hulinganisha maganda ya risasi na silaha zinazokamatwa, na utakayekutwa nayo ni wewe. Tangu Januari 2018 kifungo cha chini kwa kosa kubwa la silaha kilipanda kutoka mwaka 1 hadi 2, na baadaye sheria ikakazwa tena. Kuwa nayo mahali pa hadhara au ndani ya gari ni miongoni mwa mambo yanayolifanya kosa lihesabiwe kubwa. Mkatalie na uondoke.

Na ukikuta silaha katika vitu vya marehemu, au ndani ya ghala la chini uliloachiwa na mpangaji mwingine, usiibebe kwenda nayo kituoni kwa treni, hata kama nia yako ni kuisalimisha. Iache ilipo, funga mlango, piga simu polisi kwa namba 114 14, na usubiri wakuambie la kufanya.