Gazeti Dogo Lililonyimwa Karatasi

Pengine mmepata kujiuliza: gazeti la mashairi, lisomwalo na watu wachache, lafaa nini? Jibu tutalipata katika habari za gazeti liitwalo Tropiques, lililoanzishwa mwezi wa Aprili 1941 katika Martinique, kisiwa cha Bahari ya Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa.

Waanzilishi wake walikuwa walimu: Aimé Césaire, mkewe Suzanne, na mwenzao René Ménil. Césaire alikuwa amesoma Paris, na huko, mwaka 1935, yeye na Léopold Senghor wa Senegal waliandika katika gazeti la wanafunzi weusi. Hapo ndipo ilipoanza kukua fikira ya Negritude, yaani mtu mweusi asione haya kwa asili yake.

Wakati ule ulikuwa wa vita. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani mwaka 1940, na kisiwa kilitawaliwa kwa ukali na wafuasi wa serikali ya Vichy. Kila maandishi yalipita kwanza mikononi mwa wakaguzi. Basi walimu wale walitia humo mashairi, hadithi za kale na habari za mimea ya kisiwa. Wakaguzi hawakuona ubaya, lakini msomaji mwenye akili aliona kwamba afundishwa kuijua nchi yake na kuipenda. Suzanne naye aliwakemea washairi waliosifu upepo na maua tu, huku wakiyafumbia macho mateso ya watu.

Mwezi ule ule wa Aprili alipita kisiwani André Breton, mkuu wa washairi wa Usurealisti, waliotaka ndoto na mawazo ya ndani yavunje mazoea ya zamani. Alikuwa akiikimbia Ufaransa. Aliingia dukani kumnunulia binti yake utepe, akaliona gazeti lile, akalisoma, akastaajabu. Akawatafuta waandishi wake, na baadaye akamsifu Césaire mbele ya ulimwengu. Hivyo gazeti dogo liliunganisha watu wa pande mbili za bahari.

Mwezi wa Mei 1943 watawala waligutuka. Hawakumfunga mtu, waliwanyima karatasi tu. Waandishi hawakuomba radhi, bali walijibu kwa barua kali. Mwezi wa Julai utawala ule ukaanguka, gazeti likatoka tena hadi mwaka 1945. Mwaka huo huo Césaire alichaguliwa kuwa meya wa Fort-de-France, mji mkuu wa kisiwa.

Twajifunza nini? Kitabu ni kazi ya mtu mmoja, lakini gazeti huwakusanya wengi, nao hujaribu mambo mapya pamoja, kabla wakubwa hawajayakubali. Aliyewanyima karatasi aliijua thamani ya gazeti kuliko wengi wetu, ambao tukiisha kulisoma letu twafungia karanga.